Amana Chini ya Kitanda cha Mzee Masika

Pujini, kisiwani Pemba, kuna watu wanaojua kuchuma karafuu, kuna wanaojua kulima muhogo, na kuna wanaojua kukaa barazani tu na kuwaeleza wenzao wanavyolima vibaya. Masika bin Duni, aliyezaliwa mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, aliyajua yote matatu, lakini si hayo yaliyompa jina. Jina lake lilitokana na mdomo. Masika alikuwa akiita ninga.

Ninga, kwa asiyemjua, ni njiwa wa kijani, mnono, mwenye maringo, na akikaa kwenye majani unaweza kusimama chini yake mpaka swala ikakupita usimwone. Ukimfukuza umejisumbua. Dawa yake ni kumwita. Masika alikuwa akiubana ulimi nyuma ya meno yake mawili ya mbele, ya juu, kisha akatoa mluzi wa kuviringika, unapanda, unashuka, unacheka kidogo mwishoni, na ninga popote alipo husema nafsini mwake kwamba jamaa zangu wamepata karamu nami sikualikwa. Karamu yenyewe ni juu ya mlandege, mti wa vitunda vidogo wanavyovipenda ndege, na juu ya tawi Masika kashapanga vijiti alivyovipaka ulimbo wa fenesi. Ndege akitua, mguu umenata. Masika anapanda, anamshika taratibu, anapiga Bismillahi, na kisu kinafanya kazi yake.

Alikuwa msasi mwenye masharti. Hakumpiga ndege kwa panda, yaani manati, hata siku moja, maana jiwe likimuua kabla ya kisu kumfikia, huyo ni mzoga, na mzoga hata ukiungwa kwa nazi mbili ni mzoga. Tena hakuita zaidi ya pumzi yake. Pumzi zikikatika alikunja ulimbo wake akasema waliobaki ni wa Mola. Siku njema alirudi na ninga wanne. Siku mbaya alirudi na ulimbo ndevuni, na mkewe Bi Kazija akamkata ndevu kwa mkasi huku akimsuta.

Mambo yakaenda hivyo miaka na miaka, mpaka Jaribu alipoleta kisanduku.

Jaribu alikuwa mtu mzima wa watoto watano, fundi simu mwenye kibanda Mtambile, na nyumba yake iko Pujini, ya tatu kutoka kwa Masika. Kisanduku chenyewe kilikuwa spika ndogo nyeusi, ukubwa wa tofali la sabuni, yenye memori kadi ndani. Alikifunga juu ya mlandege alfajiri, akakiwasha, akenda zake kazini. Spika ikaita ninga asubuhi, ikaita adhuhuri, ikaita alasiri. Jioni Jaribu aliporudi alikuta vijiti vimejaa, tenga zima, na wengine wameshakufa kwa jua na kiu wakati mchinjaji wao yuko Mtambile anabadilisha kioo cha simu. Waliokufa aliwatupa. Walio hai aliwachinja.

Masika alipoziona zile maiti za kijani kichakani, damu ilimchemka. Hakungoja hata kuvaa kofia. Alikwenda kwa Sheha Abrahman, mkuu wa kijiji, na kichwa chake wazi, na Wapemba wanajua mzee akitoka bila ya kofia kuna jambo. Sheha akaitisha kikao.

"Sheha, mie sipingi mashine," alisema Masika mbele ya watu, na sauti yake siku hiyo ilikuwa na meno yote. "Simu n'nayo. Redio n'nayo. Na juzi Bi Kazija kanunua birika la umeme, latuchemshia chai vizuri tu. Lakini birika halimwiti mtu kwa sauti ya mamaake kisha likamchinja! Mie nikiita, nipo. Nakaa chini ya mti, siafu wanitafuna, koo lanikauka, nachoka, nenda zangu. Hicho kisanduku hakina koo. Hakichoki. Mwenye kuita awepo, jamaa! Awepo!"

Watu wakasema wallahi kweli. Sheha akataka kuisikia hiyo sauti yenyewe. Jaribu akabonyeza, mluzi ukatoka mara mbili tatu, kisha sheha akainua mkono kwamba yatosha.

"Ndiyo hino?" Masika akaangua kicheko. "Hichi kikohozi cha mbuzi! Ninga gani wa Pemba aitae hivi? Yuno kapanda boti kaja!"

Kikao kizima kilicheka, isipokuwa Jaribu, aliyemtazama Masika kwa jicho ambalo hakuna aliyelielewa.

Uamuzi ukatoka. Spika ya kuitia ndege marufuku Pujini, na kisanduku kizuiwe mpaka msimu wa ninga upite. Kizuiwe wapi? Kabati la sheha halikuwa na kufuli na kila mtu alijua. "Kitakaa kwako, Mzee Masika," alisema sheha. "Amana. Si chako wala si changu. Cha Jaribu." Masika akakipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea kombe la mpira, akenda kukitia chini ya kitanda chake.

Ushindi ni kitu kibaya kwa mtu asiyeuzoea. Jioni ile ile, dukani kwa Mbarouk, jamaa walimnunulia Masika soda, na kifungulio hakionekani. Mtu mwenye akili angengoja. Masika akasema meno yanayowashusha ninga mbinguni yatashindwa na kizibo? Hayakushindwa na kizibo. Kizibo kilitoka, na meno mawili yakatoka nacho. Mbarouk aliyatafuta sakafuni kwa tochi ya simu, akamkabidhi mwenyewe kwenye karatasi ya vitumbua, kwa heshima zote.

Hapo Masika angeweza kujicheka na kustaafu, na hadithi ingekwisha. Lakini wiki mbili baadaye binti yake alijifungua.

Mwanawema alikuwa ameolewa Micheweni, na kwa miaka kumi na moja hakupata mtoto. Miaka kumi na moja ya dua, hospitali, makombe ya waganga na maneno ya watu. Katika miaka hiyo yote baba yake alikuwa na neno moja la kumpoza: "Siku utakayozaa, mwanangu, supu ya ninga juu yangu. Hata nimfuate Mombasa." Sasa Mungu kajibu, mtoto wa kiume, na Mwanawema karudi kwao kukaa arubaini yake. Lakini chakula hakikupita. Bi Kazija alimpikia kuku, akageuza uso ukutani. Akampikia samaki changu, akageuza uso ukutani. Maziwa yakaanza kupungua, mtoto akaanza kulia kilio kile kinachowafanya wanawake watazamane. Mkunga akasema mzazi asipokula mambo yatakuwa mabaya.

"Nataka supu ya baba," alisema Mwanawema. Hakusema jengine.

Masika akenda kichakani. Siku ya kwanza aliubana ulimi pale yalipokuwa meno, akavuta pumzi, ikatoka "fyuuu" na mate. Akaja mbuzi wa jirani Mjaka, akamtazama, akala kijiti kimoja cha ulimbo, ikawa kazi ya kumsafisha mdomo mbuzi. Siku ya pili hakuja hata mbuzi. Siku ya tatu aliita mpaka fizi zikatoka damu, na juu ya mlandege ninga walikuwa wakipita kundi kwa kundi, mabawa yao yanasikika, wala hakuna aliyegeuza shingo. Masika alikaa chini akalia. Hakuyalilia meno, alilia kwa sababu alikuwa amemuahidi mtoto wake kitu kimoja tu katika miaka kumi na moja.

Akarudi nyumbani, akakaa kitandani. Bi Kazija akamsimamia, mkono kiunoni.

"Na kile kisanduku si kipo hapo ulipokalia?"

"Amana, Bi Kazija. Kutia mkono amana ya mtu bila ya idhini ni khiyana."

"Basi kaombe idhini."

"Kwa Jaribu?"

"Kwani idhini ya kitu cha Jaribu ataitoa nani, Mbarouk?"

"Na marufuku ya kijiji? Marufuku yenyewe si n'lotaka mie?"

Bi Kazija alinyanyua kidole kuelekea chumba cha pili, ambako mtoto alikuwa akilia.

Njia ya kwenda Mtambile Masika ameipita mara elfu, lakini siku ile ilikuwa ndefu. Kila aliyemsalimia njiani alimwona kama anajua. Alimkuta Jaribu kibandani, bisibisi mkononi, simu ya watu imefumuliwa mezani.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri, mzee wangu. Karibu. Simu mbovu?"

"Si simu." Masika akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema yote kwa mkupuo mmoja, meno, mbuzi, maziwa, ahadi, na mwisho neno ambalo lilikuwa gumu kulitoa kuliko kile kizibo: "Nakuomba."

Jaribu angeweza kucheka, na haki yake. Hakucheka. Aliweka bisibisi chini. "Mwanawema ni dada yangu, mzee. Tulisoma skuli moja. Tumia. Lakini n'na sharti moja. Ukikiwasha usikizime mpaka kimalize. Kisikilize mpaka mwisho."

"Sharti gani hilo?"

"Ndilo sharti langu."

Asubuhi ya pili yake Masika alikuwa chini ya mlandege, jua limeshachomoza. Alipanga vijiti. Alikifunga kisanduku kwenye tawi la chini, lakini hakuondoka. Alijiambia, na nafsi ikakubali kwa shida, kwamba maadamu yeye yupo pale, siafu wanamtafuna kama kawaida, basi walau nusu ya sharti lake mwenyewe, mwenye kuita awepo, ameitimiza. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja. Akabonyeza.

Mluzi ukatoka. Ukapanda, ukashuka, ukacheka kidogo mwishoni. Huko kikaoni, mbele ya watu, ulikuwa kikohozi cha mbuzi. Hapa kichakani, peke yake, bila ya kundi la kulichekesha, Masika alisikia mambo mengine. Alisikia ufundi. Alisikia ule mvuto wa pumzi kabla ya kupanda, ambao ninga hana na mtu anao. Mara ninga wawili wakatua vijitini, tapu, tapu, wamenata. Masika hakuwatazama hata. Alikuwa amekishika kigogo cha mti kwa mikono miwili.

Kisha mluzi ukanyamaza, na kisanduku kikazungumza. Sauti ya mtu, ya chini, ya kubembeleza, sauti ya mtu anayedhani hakuna anayemsikia ila ndege.

"Njoo, mama, njoo. Usiogope. Huku hakuna mtu."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Ninga wa tatu akaja akatua. Masika alikaa chini kwenye majani makavu na kutazama juu. Miaka arubaini alikuwa akinong'ona maneno yale, yalimtoka tu kama mtu anavyosema na ng'ombe wakati wa kukama, wala hakuwahi kujisikia. Leo aliyasikia akiwa upande wa ndege. Na tusimfiche: sauti ilikuwa tamu. Angekuwa yeye ndiye ninga, angekwenda.

Wa tatu alimpandia kwanza, akamsafisha miguu kwa mafuta ya nazi, akamwacha aende. Wale wawili aliwachinja, Bismillahi, maana mtoto ni mtoto na ahadi ni ahadi, lakini alitaka kuwaomba radhi na hakujua kwa lugha gani.

Supu ikapikwa na Bi Kazija, pilipili manga, ndimu, chumvi ya kutosha. Mwanawema akakaa kitako kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, akaishika bakuli mwenyewe, akanywa, akaomba nyengine. Masika alisimama mlangoni akiona koo la binti yake linavyopanda na kushuka, na furaha ilimjaa mpaka ikamuumiza kifua.

"Baba, na meno hayapo, uliwaita vipi?"

"Kwa sauti yangu, mwanangu."

"Alhamdulillahi. Nilimwambia mama, baba hatanipa ndege wa mashine. Baba si muongo."

Kila neno alilomjibu lilikuwa la kweli, tazama tena ulihesabu, kwa sauti yangu, kweli tupu. Na bado Masika alitoka mle ndani mwendo wa mwizi wa kuku. Usiku kucha aligaagaa, na kisanduku chini ya kitanda hakikusema kitu, lakini yeye alikisikia.

Asubuhi akenda kwa sheha, na safari hii alivaa kofia. "Itisha kikao."

Watu wakajaa. Bi Kazija akaja na buibui lake. Mwanawema, aliyekuwa bado ndani ya arubaini, alibaki nyumbani, lakini baba yake alikwisha kumwambia kabla ya kutoka. Alimwambia akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Binti akamuuliza, "Sasa nani aliyekuwa muongo, baba, kisanduku au weye?" Masika alijibu kwamba ndilo analokwenda kuuliza.

Akasimama mbele ya kikao, akakiweka kisanduku mezani. "Mie n'lokitaka kipigwe marufuku, mie n'kakitumia. Jaribu kanipa idhini, yeye hana kosa. Kosa langu." Watu wakaguna. "Na lile la pili ni kubwa zaidi. Kile kikohozi cha mbuzi nlichokicheka hapa hapa, ni mie."

Mbarouk akapasuka kicheko, na Mjaka akamfuata, na sheha mwenyewe akajifunika uso kwa daftari, mabega yanamtikisika. Masika akawaacha wacheke mpaka wakatosheka. Alistahiki, na alijua.

Jaribu akasimama akaeleza. Misimu miwili nyuma alikuwa akichuma karafuu karibu na ule mlandege, akamsikia mzee, akarekodi kwa simu kwa sababu ilikuwa nzuri. "Wallahi nlirekodi kwa kuipenda tu. Tamaa ilikuja baadaye. Na wale waliokufa kwa jua, mzee wangu, ulikuwa na haki. Nlitaka kukwambia siku ile ile sauti ni yako, lakini ulivyokuwa ukicheka, nikasema mwache."

"Yaweza kutolewa humo?" aliuliza Masika.

"Kidole kimoja tu. Lakini nakala ni hiyo moja tu, mzee. Simu ya zamani ilishakufa. Ikifutwa hapa, haitorudi." Akamtazama mzee mdomoni. "Na weye meno huna."

Hapo kila mtu alielewa kinachoulizwa. Mwito ule Masika aliupata kwa baba yake, hakumfundisha mtu, na sasa duniani umebaki mahala pamoja tu, ndani ya kitu cha ukubwa wa tofali la sabuni.

"Nipigie yote," alisema Masika. "Mpaka mwisho."

Mluzi ukatoka. Ukapanda, ukashuka, ukacheka, na safari hii hakuna aliyecheka nao. Wazee walifumba macho. Bi Kazija, aliyemkata ndevu mtu huyu miaka thelathini na kitu, alishika ncha ya buibui akaitia mdomoni. Na nje ya mlango ulio wazi, kwenye ukingo wa paa la mabati la baraza, mbele ya macho ya kikao kizima, ninga akatua. Mmoja, mnono, wa kijani kibichi. Akainamisha kichwa kutazama ndani, akitafuta jamaa zake.

"Njoo, mama, njoo," kikasema kisanduku. "Usiogope. Huku hakuna mtu."

Ninga akashuka hatua moja.

"Muongo!" alipiga ukelele Masika, fizi wazi, mate yakamrukia sheha. "Muongo mkubwa! Huku watu tele, tena wana njaa! Ondoka, mwanaharamu wee, ondoka!" Akavua kofia akamrushia, na ndege akaruka kwa kishindo cha mabawa.

Masika akabaki amesimama, kichwa wazi, akihema. Machozi yalikuwa yakimteremka na hakuyafuta. Alimgeukia Jaribu.

"Futa."

"Mzee wangu, fikiri."

"N'shafikiri miaka arubaini leo. Nlisema mwenye kuita awepo. Mie nikifa siku moja, sauti yangu ibaki mtini yawaambia ndege hakuna mtu? Futa, mwanangu."

Jaribu akamtazama sheha, sheha akatazama kando. Kidole kikashuka. Kisanduku kikatoa mlio mdogo, kikanyamaza, na Masika akakaa kwenye kiti cha karibu. Bi Kazija akatoka nje akamwokotea kofia yake, akaipangusa vumbi, akamvisha mwenyewe mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.